Picha ya mama yake dani haina jina la mpigaji: Hivi ndivyo tulivyomsaka

DISEMBA iliyopita familia yetu ilikusanyika Seme kwa dani, kama kila Krismasi. Baada ya chakula, baba mdogo alitoa simu akatuonyesha ujumbe. Mtu mmoja anayenunua picha za kale alikuwa tayari kulipa Sh20,000 kwa picha iliyo ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda cha dani.

Sharti lilikuwa moja tu. Familia ithibitishe kwamba picha hiyo ilipigwa na Evans-Pritchard.

Tulitazamana. Karo ya binamu yangu ilikuwa haijapatikana na Januari ilikuwa inabisha hodi. Kwa nyumba kama yetu, hiyo si doo ya kuchezea.

Picha yenyewe ni ndogo, kama viberiti viwili ukivipanga bega kwa bega. Mama yake dani ameketi kwenye kiti cha mbao, gauni jeupe, viatu vyeusi, mikono juu ya magoti. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa ngazi na mnazi. Haina mhuri wa studio. Haina sahihi. Haina mwaka. Na ndiyo picha pekee ya mama huyo iliyobaki duniani.

Baba mdogo hakuwa na wasiwasi. Sote tumekua tukiambiwa kwamba ilipigwa na "yule mzungu wa vitabu". Mimi, kwa kuwa ndiye mtu wa kompyuta nyumbani, nikapewa kazi ya kuandika huo uthibitisho. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Mzungu wa 1936

E. E. Evans-Pritchard si jina la hadithi. Alikuwa msomi Mwingereza wa anthropolojia, maarufu kwa vitabu vyake kuhusu Waazande na Wanuer wa Sudan ya wakati huo. Mwaka wa 1936 alipita huku kwetu, akakaa kwa muda miongoni mwa Wajaluo, akauliza maswali kuhusu koo na ndoa, na akapiga picha. Picha hizo ziko katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Mwaka wa 2007, mtafiti Mkenya Gilbert Oteyo na Christopher Morton wa makumbusho hayo walifanya jambo lililonigusa. Walirudisha nakala za picha za kale vijijini Nyanza, katika maonyesho yaliyopewa jina la Dholuo, Paro Manene, yaani kukumbuka yaliyopita. Watu walisimama mbele ya nyuso ambazo Oxford ilikuwa imezihifadhi kwa miongo mingi, wakazitazama kama jamaa zao.

Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka. Picha za Evans-Pritchard ni za msafiri. Zimepigwa nje, katika boma na vijijini, kwenye mwanga wa jua. Picha yetu ina pazia na kiti cha studio. Je, mtu anayezunguka vijijini na daftari atabeba pazia la mnazi?

Lakini shaka si ushahidi. Nikaanza kusoma jinsi wataalamu wanavyofanya wanapokutana na sura isiyo na jina la aliyeitengeneza.

Walivyofanya Ulaya

Tatizo letu ni la zamani kuliko kamera. Kabla ya upigaji picha kutangazwa Paris mwaka wa 1839, mtu wa Ulaya aliyetaka kubeba sura ya mpenzi wake alimlipa mchoraji. Kwa brashi nyembamba na rangi za maji, mchoraji alichora uso mdogo wa kutoshea kwenye kidani cha shingoni. Mwanzoni walichora juu ya ngozi laini ya ndama. Kuanzia mwaka wa 1700 hivi, baada ya Rosalba Carriera wa Venice kuonyesha njia, wengi walihamia vipande vyembamba vya pembe za ndovu.

Pembe tunazijua sisi. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipiga kambi Mumias, kaskazini mwa Kisumu, ikitafuta pembe. Leo Kenya haitaki mchezo na biashara hiyo: Aprili 2016, tani 105 za pembe zilichomwa katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Uingereza nayo ilipitisha sheria ya kubana biashara ya pembe mwaka wa 2018. Picha hizi ndogo ziliachiwa mlango mwembamba: ziwe zilitengenezwa kabla ya 1918, na eneo lake lisizidi sentimita 320 za mraba.

Nyingi kati ya hizo picha ndogo hazina sahihi. Basi wajuzi wanafanyaje? Wanatazama jinsi brashi ilivyopita: huyu alijaza uso kwa vidoa, yule kwa mistari. Wanatazama nywele zilivyochorwa, rangi ya nyuma, na umbo la fremu. Wakiruhusiwa wanafungua fremu, maana nyuma huenda kuna karatasi yenye mwandiko.

Katika karne ya 19, Mwitaliano aitwaye Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari, alitoa ushauri ambao mimi niliuona poa sana. Ukitaka kumtambua mchoraji, alisema, usikazane na uso wala tabasamu, kwa sababu hapo kila mwigaji hujitahidi. Tazama masikio na kucha. Mambo madogo ambayo mkono huyafanya bila kufikiri ndiyo yanayomtoa mtu.

Kwa mpiga picha, masikio na kucha ni nini? Ni pazia, kiti, sakafu, upande ambao taa inatoka, na mahali anapomwambia mteja aweke mikono. Ukiziona picha za Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeunganisha picha moja na nyingine hadi sura ya mtu ikatokea mahali usipoitarajia, huhitaji mhuri ili ujue ni mkono wake.

Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna mfano wa kushangaza zaidi. Studio moja iitwayo Gulu Real Art ilikuwa ikiwapiga wateja picha kubwa, kisha inakata mraba wa uso kwa ajili ya kitambulisho. Yaliyobaki, mwili usio na uso, yalitupwa kando. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo na kuyafanyia maonyesho na kitabu. Uso hakuna, lakini suti, kiti, pazia na mikono vipo. Ukiona mabaki matatu, la nne utalitambua limetoka wapi.

Taa ya M-Pesa

Nikarudi kwenye picha yetu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuacha kuutazama uso wa mama na kuitazama karatasi.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui. Kuanzia miaka ya 1950 hivi, viwanda vilianza kutia kemikali ya kung'arisha kwenye karatasi za picha ili weupe uonekane mweupe zaidi. Kemikali hiyo humulika rangi ya samawati chini ya mwanga wa ultravaioleti. Karatasi ya miaka ya 1930 haiwezi kuwa nayo.

Na mwanga huo unapatikana wapi Seme? Kwa wakala wa M-Pesa. Ile taa ndogo ya zambarau ya kukagua noti bandia ndiyo hiyo hiyo. Tulienda na baba mdogo hadi Kombewa sokoni, tukamwomba dada wa dukani atuwashie. Alicheka kwanza, kisha akaelewa.

Kingo nyeupe za picha ziling'aa kama shati jipya.

Nilitaka kushangilia, lakini nilijilazimisha kuwa makini. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za aina hiyo, kwa hivyo picha iliyomwagikiwa maji ya kufulia inaweza kudanganya. Ila madoa ya maji hung'aa kwa mabaka, na yetu iling'aa sawasawa pande zote, mbele na nyuma. Pia kumbuka: karatasi isipong'aa haimaanishi ni ya kale, kwa sababu si kila kiwanda kilitumia kemikali hiyo.

Baba mdogo alikuwa na swali zuri. "Na kama hii ni nakala tu? Mzungu alipiga 1936, halafu studio ikaipiga tena picha ile ile miaka ya baadaye?"

Hilo hutokea sana. Studio zilipokea picha chakavu, zikaipiga picha ile picha, zikauza nakala. Ndiyo maana hata mhuri nyuma ya picha hauthibitishi nani aliyebonyeza kamera ya kwanza. Lakini nakala huacha alama: mistari midogo hupoteza ukali, mikunjo ya picha ya kale huonekana bila wewe kuihisi kwa kidole, na wakati mwingine kivuli cha ukingo wake hubaki. Tulitazama kwa lenzi ya simu. Nyuzi za lesi kwenye ukosi wa gauni zilihesabika moja moja. Mkunjo uliopo kwenye kona unahisika kwa kidole.

Karatasi hiyo, basi, haikutoka 1936. Na hakuna dalili kwamba ni nakala.

Njia nzima ya kurudi nyumbani baba mdogo hakusema neno. Sh20,000 zilikuwa zimebaki kwa yule dada wa M-Pesa.

Pazia lililochanika

Kujua nani hakupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilitokea kwa bahati, siku mbili baadaye, tulipoenda kumsalimu jirani mzee wa dani. Ukutani mwake kuna picha ya harusi yake. Bwana na bibi arusi wamesimama. Nyuma yao kuna ngazi na mnazi.

Niliomba kuishusha. Mnazi ulikuwa na makuti saba, kama wetu. Ngazi ilipinda upande ule ule. Kiti cha mbao kilichoonekana nusu pembeni kilikuwa na nakshi ile ile kwenye mguu. Na kwenye pazia letu, chini kushoto, kuna mchaniko wa urefu wa kiganja. Kwenye pazia la harusi, mahali hapo hapo, pana kiraka.

Nyuma ya picha ya harusi kuna mhuri wa studio ya Kisumu. Siitaji jina la studio, kwa sababu jamaa za wenyewe bado wapo na sijaongea nao. Jirani ana cheti cha ndoa cha kanisani: 1958.

Hebu tupige hesabu pamoja. Pazia huchanika kwanza, kisha likashonwa. Picha yetu ina mchaniko, ya harusi ina kiraka. Kwa hivyo yetu yaelekea ilitangulia 1958. Karatasi inatuambia kwamba si kabla ya miaka ya 1950 hivi. Tumepata dirisha la miaka kama minane, na studio moja mjini.

Je, nina uhakika? Hapana, si wa asilimia mia. Mapazia yaliuzwa. Studio ikifunga, vifaa vilihamia kwa mwingine. Lakini pazia, kiti na sakafu vikikubaliana vyote vitatu, mzigo wa kukanusha unamhamia anayebisha.

"Hamkuniuliza"

Jioni hiyo nilimsimulia dani yote: karatasi, taa, pazia, kiraka. Alisikiliza akiwa anachambua mboga za osuga. Nilipomaliza akaniuliza, "Nyakwara, kwa nini usingeniuliza tu?"

"Dani, tulikuuliza. Tulikuuliza ilipigwa mwaka gani, ukasema hujui."

"Miaka siijui. Lakini siku hiyo nilikuwepo."

Akaanza kusimulia. Alikuwa mtoto. Walitoka nyumbani gizani, wakatembea hadi kituo cha basi. Viatu vile vyeusi havikuwa vya mama yake. Vilikuwa vya studio, na vilimbana hadi akachechemea kurudi nje. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyekaa mbele akipokea pesa. Aliyepiga picha hakuwa yeye. Alikuwa kijana Mwafrika mwembamba, aliyeinama chini ya kitambaa cheusi nyuma ya kamera na kumwambia mama kwa Dholuo ashike pumzi.

"Aliitwa nani?"

Dani aliacha mboga. Alifikiri kwa muda mrefu. "Jina limenitoka," akasema.

Na yule mzungu wa vitabu? Dani alicheka. Hadithi hiyo ililetwa na marehemu babu, ambaye aliona picha nzuri ni lazima iwe ya mzungu.

Hapo ndipo nilipoona tulichokaribia kufanya kwa Sh20,000. Tungemwandika Mwingereza ambaye kazi yake inafahamika na kuhifadhiwa Oxford, na kumfuta kijana wa huku ziwani ambaye hana chochote kingine kinachomkumbuka. Majina makubwa huvuta picha zisizo na jina kama taa inavyovuta wadudu wa ziwa usiku. Hata katika makumbusho, jina linaloandikwa kwenye picha mara nyingi ni la aliyeikusanya, si lazima aliyebonyeza.

Sema unachokijua

Minada ya sanaa ina ngazi ya maneno ambayo sisi pia tunaweza kuitumia. Ukiandika "ya fulani", una uhakika. "Inadhaniwa kuwa ya fulani" ina maana una sababu nzuri lakini pengo lipo. "Ya studio ya fulani" ni kwamba ilitoka dukani mwake, ila hujui mkono wa nani. "Kwa mtindo wa fulani" inafanana tu. Na "nakala ya picha ya fulani" ni kazi ya mtu wa baadaye. Kupanda ngazi hiyo bila ushahidi ni uongo, hata kama mnunuzi anafurahi.

Kama kwenu kuna mkebe kama wetu, anza hivi:

Tazama nyuma kabla ya mbele. Tafuta mhuri, namba ya penseli, jina la kiwanda cha karatasi kama Kodak, Agfa au Ilford. Ikiwa karatasi inahisi kama plastiki, huenda ni ya mwisho wa miaka ya 1960 au baadaye, hata kama hadithi inasema vingine.

Tafuta namba ndani ya picha. Mafundi waliandika namba za oda pembeni mwa negativu. Wino kwenye negativu hutokea mweupe kwenye picha. Mkwaruzo hutokea mweusi.

Linganisha na za majirani. Wateja wa studio moja walikuwa wa mtaa mmoja, kanisa moja, shule moja. Jibu la picha yenu liko ukutani kwa mtu mwingine.

Usiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha, na usiibandue kwa nguvu kutoka kwenye albamu. Piga nakala kwa simu mchana, karibu na dirisha, mbele na nyuma.

Muulize mzee kuhusu siku, si mwaka. Nani alikuwepo? Mlifikaje mjini? Viatu vilikuwa vya nani? Mrekodi kwa simu. Fanya hivyo wikendi hii, si Krismasi ijayo.

Baba mdogo alimjibu mnunuzi kwa sentensi moja: si ya Evans-Pritchard. Mnunuzi hakuandika tena. Karo ililipwa kwa harambee na mbuzi wawili, na binamu yuko chuoni.

Picha sasa iko kwenye bahasha safi, bado ndani ya mkebe. Juu ya bahasha nimeandika kwa penseli: "Mama yake dani. Kisumu, kati ya miaka ya 1950 na 1958 hivi. Inadhaniwa kuwa ya studio yenye pazia la mnazi. Mpigaji: kijana Mwafrika, jina halijapatikana."

Dani alinifanya nisome kwa sauti, kisha akaagiza niongeze kitu. Nikaongeza: "Viatu si vyake."

Ikiwa babu yako alifanya kazi katika studio za Kisumu miaka hiyo, alikuwa mwembamba, na aliwaambia akina mama washike pumzi, mwulize kama analikumbuka pazia lenye ngazi na mnazi. Nafasi ya jina lake kwenye bahasha tumeiacha wazi.